Ununue Homer yupi kabla ya kumsoma Plato

Anayefungua Jamhuri, kitabu cha mwanafalsafa Mgiriki Plato kuhusu dola yenye haki, bila kumjua Homer, mshairi wa Kigiriki mwenye tenzi za Iliad na Odyssey, anaingia katikati ya ugomvi wa watu asiowafahamu. Katika kitabu cha 3, Plato anaishika Iliad na kuanza kuchagua mistari ya kufutwa. Mmojawapo ni ule ambao Achilles, shujaa wa Wagiriki, anamwita Agamemnon, mkuu wa jeshi zima, mlevi mwenye macho ya mbwa na moyo wa paa. Plato hataki vijana wa dola anayoibuni wasikie mtu akimtukana mtawala. Utamhukumu vipi, nawe hujui Achilles alitendewa nini? Ndiyo maana nasema nunua Homer kwanza.

Tafsiri ninazozipanga ni za Kiingereza. Nimezipima kwa jinsi zinavyomsaidia msomaji wa siasa. Utamu wa lugha nimeuweka nyuma.

Ya kwanza ni Iliad ya Richmond Lattimore (University of Chicago Press, 1951). Mistari yake inakwenda sambamba na ya Kigiriki, hivyo tanbihi ikikuelekeza 2.204, yaani kitabu cha 2, mstari wa 204, unafika palepale. Na hapo ndipo penye uzito. Jeshi limechoka na vita, linakimbilia merikebu. Odysseus, mmoja wa wafalme walio chini ya Agamemnon, analirudisha akisema utawala wa wengi si mwema, mtawala na awe mmoja. Mara Thersites, askari wa kawaida, anapaza sauti kumshutumu Agamemnon kwa kujilimbikizia nyara. Odysseus anamchapa kwa fimbo ya enzi mpaka machozi yanamtoka, na askari wenzake wanacheka. Mwanafalsafa Aristotle alikifunga kitabu cha 12 cha Metafizikia kwa mstari huo wa utawala wa wengi, na katika kitabu chake Siasa akauliza Homer alikusudia utawala wa wengi wa namna gani. Ukiusoma mstari huo kwa Aristotle peke yake, kipigo hukioni. Mimi siwezi tena kuusoma bila kumwona Thersites akijifuta machozi.

Ya pili ni Odyssey ya Emily Wilson (Norton, 2017). Idadi ya mistari ni ileile ya Kigiriki. Wanawake 12 wa nyumbani kwa Odysseus ambao mwanawe Telemachus anawanyonga mwishoni, watafsiri wengi waliwaita watumishi. Wilson anawaita watumwa, na swali la haki katika nyumba ya mfalme linabadilika papo hapo.

Robert Fagles (Iliad 1990, Odyssey 1996) nampa nafasi ya tatu. Anafaa sana kusomwa kwa sauti, na utangulizi wa Bernard Knox ni somo kamili. Ila mistari ameihesabu kwa namna yake, na tanbihi zitakusumbua.

Huna pesa? Tafsiri za Samuel Butler za nathari (1898 na 1900) zinapatikana bure mtandaoni. Miungu ameipa majina ya Kirumi: Zeus anaitwa Jove, Athena ni Minerva. Anayejifunza Kigiriki atafute matoleo ya mfululizo wa Loeb, yenye lugha mbili kurasa zikitazamana, majuzuu mawili kwa kila utenzi.

Ukimudu kimoja tu, chukua Iliad. Kwa muuza vitabu vilivyotumika, hakikisha vitabu vyote 24, yaani sehemu za utenzi, vimo ndani, maana matoleo yaliyofupishwa ni mengi. Fungua kitabu cha 2 umtafute Thersites. Asipokuwepo, mrudishie muuzaji.