Uzoefu wangu wa kufanyiwa tathmini ya nishati na maji kabla ya kujenga nyumba Mwahako, Tanga

Nililala usiku wa kwanza katika nyumba yangu ya Mwahako, jijini Tanga, miezi 14 iliyopita. Tangu hapo nimepitisha humo misimu yote miwili ya upepo, kaskazi na kusi, pamoja na masika mazima, kwa hiyo naona sasa ninaweza kuieleza kwa haki huduma niliyoilipia kabla hata msingi haujachimbwa, yaani tathmini ya matumizi ya nishati na maji kwa nyumba mpya. Huku kwetu huduma hii bado ni ngeni. Nilipopeleka ramani kuomba kibali cha ujenzi hakuna aliyeniuliza habari zake, na nisingeifahamu kama mdogo wangu, ambaye ni mkadiriaji majenzi, asingenisisitizia kwamba nisimwage zege hata ndoo moja kabla ramani haijapitiwa na mtu anayeyajua mambo ya joto.

Kwa wenzetu wa Australia jambo hili ni sharti. Jimbo la New South Wales lina mfumo wake uitwao BASIX tangu mwaka 2004, na mwenye kutaka kujenga nyumba huambatanisha cheti chake na maombi ya kibali. Kwangu ilikuwa hiari, na kipimo alichokitumia mtathmini wangu kinaitwa EDGE, kilichobuniwa na IFC, taasisi iliyo ndani ya Kundi la Benki ya Dunia. Programu yake huchukua nyumba ya kawaida ya ukubwa kama wako na mahali kama pako, ikaifanya kuwa nyumba ya kulinganisha, kisha ikaipima ramani yako dhidi ya hiyo. Nilipopimwa mimi, ili ufaulu ilibidi uokoe angalau asilimia 20 katika mambo matatu: umeme na nishati nyingine utakayotumia ukiishi humo, maji, na nishati iliyotumika kutengeneza vifaa vya ujenzi vyenyewe. Ukiokoa asilimia 50 ya maji huku vifaa vyako vikiwa na asilimia 12, hujafaulu.

Mtathmini alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa pili. Alifika kiwanjani saa nne asubuhi, akaniamkia, akaniomba nimwoneshe upepo hutokea upande gani mchana. Swali hilo peke yake lilinifanya nimwamini. Ramani niliyokuwa nayo niliinunua ikiwa imeshachorwa, na iliweka sebule na vyumba viwili vya kulala upande wa magharibi kwa sababu barabara iko huko. Yeye alichomeka kijiti ardhini, akatazama kivuli chake, akasema: "Mama, Tanga tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini. Lakini la magharibi linakuja kila jioni, mwaka mzima, tena linakuja limeinama. Hilo upenu hauliwezi."

Akanifanyia hesabu papo hapo. Dirisha la urefu wa mita 1.2 upande wa kaskazini hufunikwa lote na kivuli saa sita mchana ya mwezi Juni endapo upenu utatokeza sentimita 65, na upande wa kusini sentimita 40 zinatosha kwa jua la Desemba. Upande wa magharibi, hata ukiutoa upenu mita mbili, jua la saa kumi na moja jioni litaingia chini yake na kulala kitandani kwako. Tukaigeuza nyumba robo mzunguko, kuta ndefu zikatazama kaskazini na kusini. Vyumba vya kulala vilikwenda mashariki, kwa kuwa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki na kusi kutoka kusini mashariki, hivyo vinapata pepo zote mbili. Jiko, stoo na bafu vilikwenda magharibi ili vyenyewe ndivyo vipokee joto la jioni, na harufu ya mapishi ipelekwe nje badala ya kurudi sebuleni. Shangazi yangu hadi leo analalamika kwamba nyumba imeipa barabara mgongo, na ni kweli mgeni hulazimika kuzunguka kidogo ili aifikie baraza. Hilo nimelikubali kwa moyo wote. Nikigusa ukuta wa chumba changu saa tatu usiku, hauna joto.

Nafasi kubwa ya ripoti ilikwenda kwenye paa, na ninaamini ilistahili, kwa sababu katika latitudo yetu paa ndilo linalochomwa kuliko ukuta wowote. Hapo ndipo palipotokea mvutano. Fundi wangu, ambaye amepaua nyumba nyingi hapa mjini, alitaka bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee, na mimi pia nilikuwa nimeshaipenda rangi hiyo. Mtathmini hakubishana naye. Alichukua vipande viwili vya bati, kimoja cha damu ya mzee na kingine cheupe cha rangi ya maziwa, akavilaza juu ya rundo la mchanga kuanzia saa tano. Ilipofika saa nane, Fundi aliweka kiganja kwenye kile cha damu ya mzee, akakiondoa hapohapo. Kwenye kile cheupe aliuacha mkono huku akiendelea kuzungumza. Kisha akanigeukia: "Basi mama, tununue hiki." Tuliongeza pia matundu ya hewa kwenye ncha mbili za paa, ili joto linalojikusanya juu ya dari lipate pa kutokea.

Jambo la madirisha sijawahi kulisikia likizungumzwa, ingawa tunalo karibu sote. Madirisha ya alminiamu ya kusukuma pembeni, yenye vioo viwili, hufunguka nusu tu. Nusu ya pili daima imezibwa na kioo kilichosukumwa. Mtu anaweza kulipia dirisha la mita mbili akapata upepo wa mita moja. Alminiamu yenyewe hula nishati nyingi mno katika kutengenezwa, kwa hiyo ilituangusha mara mbili, kwenye hewa na kwenye hesabu ya vifaa. Nilibadilisha madirisha ya vyumba vya kulala yakawa ya mbao za mtiki za kufunguka kama mlango, mbao ambazo kwetu si za mbali kwani shamba la mitiki la Longuza liko Muheza. Nakiri kwamba yana kazi. Chumvi ya bahari haina huruma, na nimeshayapaka varnishi mara moja tangu nihamie.

Kuhusu saruji, sisi watu wa Tanga wenye kiwanda pale Pongwe tungepaswa kulijua hili kuliko wengine: mawe ya chokaa huchomwa mpaka kiasi cha nyuzi 1,450, na hewa ya ukaa hutoka kwenye moto na kwenye jiwe lenyewe pia. Ramani yangu ilikuwa na jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 15. Mhandisi alithibitisha kwamba sentimita 10 zinatosha kwa udongo wa kiwanja changu, na baadhi ya kuta za ndani zikajengwa kwa tofali zenye matundu. Hapo niliokoa fedha moja kwa moja, bila kungoja miaka.

Kwa upande wa maji, nilipenda kwamba mtathmini alipima badala ya kukisia. Alikuja kwenye nyumba niliyokuwa nimepanga Chumbageni, akaweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua la bafuni, akashika simu yake. Ndoo ilijaa kwa sekunde 40, yaani lita 15 kwa dakika. Bomba alilopendekeza, nililolifunga Mwahako, huijaza ndoo ileile kwa sekunde 75, sawa na lita 8 kwa dakika, na watoto hawajawahi kulilalamikia. Vyoo ni vya vitufe viwili, kimoja cha maji machache na kingine cha maji mengi.

Sasa niseme yasiyonipendeza. Kampuni iliyomtuma kijana huyu ilinikabidhi ripoti ya kurasa 40, yote kwa Kiingereza, wakati mtu wa kuitekeleza alikuwa Fundi na vijana wake. Nilikaa usiku mbili nikiitafsiri kwenye karatasi tatu, nikazibandika kwenye mlango wa stoo ya saruji. Huduma inayouzwa Tanga kwa mtu anayejenga Tanga ingepaswa kuja na kurasa hizo tatu tayari. Tena toleo la kwanza la ripoti lilidhani kila chumba kitakuwa na kiyoyozi, likapendekeza vioo vya tabaka mbili kwa nyumba ambayo madirisha yake hukaa wazi mchana kutwa. Nililazimika kuwaandikia mara mbili ndipo wakarekebisha, na ripoti iliyosahihishwa ilinifikia wiki tano baada ya siku tuliyoafikiana, mafundi wakiwa wananingoja.

Jingine linahusu ukumbi. Mama yangu anaishi Ngamiani katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi unaotoka barazani hadi uani, na kila aliyekulia katika nyumba hizo anajua jinsi upepo unavyopita humo ukiacha milango yote miwili wazi. Programu huhesabu chumba kimoja kimoja: kina chake, urefu wa dari na ukubwa wa sehemu inayofunguka. Ukumbi niliosisitiza uwemo haukuongeza hata asilimia moja. Simlaumu mtathmini kwa hilo, kwani yeye mwenyewe aliniunga mkono, lakini ni vyema mwenzangu anayefikiria huduma hii ajue kwamba wanachokijua wazee wetu hakitaonekana kwenye alama. Mimi ndimo ninamokaa jioni.

Kuhusu umeme, Chumbageni nilikuwa na viyoyozi viwili na nilinunua wastani wa uniti 190 kwa mwezi. Hapa sina hata kimoja, na LUKU yangu hutumia kati ya 80 na 85. Sehemu ya punguzo hilo ni kwa sababu mwanangu mkubwa amekwenda chuoni, nami sitaki kuipa tathmini sifa isiyo yake. Hata hivyo feni ya wati 70 ikizunguka kwa muda wa saa nane usiku kucha hutumia uniti 0.56, ilhali kiyoyozi cha wati 1,000 kikiwaka muda huohuo bila kupumzika hufika uniti 8, na tofauti hiyo haihitaji mtaalamu. Kinachoniuma ni kwamba nimebakiza uniti chache tu niingie chini ya 75, kikomo cha mwezi cha wateja wa D1 wa TANESCO, yaani wale wa matumizi madogo wanaolipa bei nafuu. Friji langu ni la zamani. Nikilibadilisha huenda nikafika.

Ripoti ya mwisho ilinipa asilimia 34 kwenye nishati, 29 kwenye maji na 22 kwenye vifaa, nami nikapata cheti cha awali, kile kinachotolewa kwa ramani. Cha mwisho hutolewa baada ya mkaguzi kuja kuona kama kilichojengwa ndicho kilichochorwa, na ada yake ni ya peke yake, jambo ambalo halikutajwa siku tuliyotia saini. Atakayefuata aombe bei zote mbili kwa maandishi, na aende na ramani kabla haijapelekwa kwenye kibali, maana baada ya msingi kuchimbwa nyumba haigeuki tena na kitakachobaki ni taa na mabomba. Cheti cha mwisho bado sijakilipia. Paa langu lina mita za mraba 140, kwa hiyo kila milimita moja ya mvua ni karibu lita 140, na upande wa magharibi bado hauna gata. Fedha nilizoweka nimeamua zianzie hapo, simtanki la pili likae tayari kabla ya vuli.