Laptop ya mtumba na gemu za kitambo: ipi ununue, ipi uwache

Kila mtu wa hapa Lamu akishanunua laptop ya mtumba, tukionana pale Mkunguni swali ni lile lile, "nitie gemu gani?" Mashine yenyewe ni ThinkPad ama EliteBook iliyomaliza kazi kwa ofisi za watu huko nje, i5, RAM 4 ama 8, kadi ya picha ya maana haina, na mwenyewe ashaangalia YouTube gemu za GB 100 zinazotaka kompyuta ya bei ya mashua. Mi humwambia nunua ya zamani. Zingine zina miaka 20 na zaidi na mpaka leo ni tamu, zingine tulizipenda tu kwa sababu tulikua watoto na hatukua na nyingine.

Mi huangalia mambo mawili, la kwanza kama inacheza bila intaneti manake bando ni pesa na mtandao wa hapa siku ya mvua mnaujua, la pili kama mnaweza kucheza wawili watatu mkiwa chumba kimoja. Picha nzuri sijali sana.

Alafu kabla ya yote, tafadhali, CD za kuchoma wachaneni nazo. Mwaka mmoja nilinunua CD Mombasa, duka silitaji, imeandikwa "gemu 40", nikasafiri nayo kwa basi mpaka Mokowe, nikavuka nayo kwa boti nimeifunga kwa mfuko wa nailoni isipigwe na maji ya chumvi kama vile nimebeba dhahabu. Kufika nyumbani zilifunguka gemu 11, zilizobaki zilileta virusi mpaka ikabidi Windows ipigwe upya na picha za harusi ya dada zikaenda nazo. Dada mpaka sai akiniona na CD ananiangalia vibaya.

Haya, nazipanga kuanzia ile ningekununulia mimi mwenyewe.

Ya kwanza ni Heroes of Might and Magic III. Najua wengi mlikua mnangoja GTA San Andreas, subirini. Hii ni ya 1999, una mji wako, una shujaa wako anazunguka kwenye ramani akiokota mbao na dhahabu na kupigana na majitu, na kila wiki ya gemu ikianza mji unakupa askari wapya. Ni ya zamu kwa zamu, na hapo ndo utamu wake, manake mnacheza na laptop MOJA. Ukimaliza zamu yako laptop inatoa jina la anayefuata, unaisukuma kwake, na wewe unageuza uso usione alichoficha. Ni kama bao ama dhumna za wazee kwenye baraza, na kelele ni zile zile na kushtumiana wizi ni kule kule. Inaenda mpaka wachezaji 8, ila mkizidi wanne mtu anaweza kulala akingoja zamu.

Ramadhani tulikua tunaicheza juu darini kwetu, tukitoka tarawehe tunatandika mkeka, laptop katikati, kahawa na halua pembeni, tunaenda nayo mpaka daku. Stima ikipotea hatusikii hata, betri ya mashine ya ofisi inavumilia masaa matatu hivi kwa gemu nyepesi kama hii. Binamu yangu alikua anachukua Necropolis kila siku, ule mji wa wafu, kila akishinda vita maiti zinafufuka mifupa zinaingia jeshini kwake, ukija kumkuta baada ya miezi miwili ya gemu ana mifupa mia tano na zaidi na anacheka peke yake. Tulikaa kikao tukampiga marufuku. Mpaka leo anadai tulimdhulumu.

Sasa hapa kwenye kununua muwe macho. Kuna toleo la Complete, linauzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni, bei ya kawaida kama dola 10 na mara nyingi inashuka chini sana. Hilo ndo la kununua. Kuna lingine Ubisoft walilitoa 2015 wakaliita HD Edition, picha zimesafishwa zinang'aa, na mtu akiona HD anakimbilia hilo. Usikimbilie. Halina zile nyongeza mbili, Armageddon's Blade na Shadow of Death, kwa sababu code, yaani maandishi ya programu ya nyongeza hizo, yalipotea, na hata ile ya kuiambia gemu ikutengenezee ramani mpya haimo. Yaani la zamani lina vitu vingi kuliko jipya. Kama kioo kidogo kinakukera, mashabiki wametengeneza kitu kinaitwa HD Mod, ni bure, kinapachikwa juu ya Complete na picha inajaa kioo chote. Majina yamefanana, msichanganye.

Ya pili ni Age of Empires II, na hii wallahi nimeiweka ya pili kwa shingo upande. Iko ya 1999 yenyewe, nyongeza yake The Conquerors ikaja 2000, ikarudishwa HD mwaka 2013 alafu 2019 ikatoka Definitive Edition. Watu wazima na familia zao bado wanaicheza na mashindano yapo. Unaanza na wafanyakazi watatu na farasi mmoja wa kupeleleza, unachunga kondoo, unakata mti, ukija kushtuka ni saa nane usiku na una ngome.

Toleo la kununua ni Definitive, lakini sikilizeni vizuri. Linataka Windows 10 ya bit 64 na nafasi ya GB 30 kwa disk, na GB 30 kwa bando ya simu ni wazimu, beba laptop uende kwa mtu mwenye wifi ulale huko. RAM 4 itafungua ila vita vikiwa vikubwa inakua kama punda aliyegoma, unampiga na hasongi, kwahiyo weka 8. Kama mashine yako haifiki hapo bas rudi kwenye namba moja, sio aibu.

Kwanini nasema Definitive na sio CD ya zamani, chukua mfano wa shamba tu. Shamba moja ni mbao 60, na kwenye ile ya 1999 shamba likiisha rutuba mfanyakazi anasimama pale na jembe lake, kimya, haiti, halii, na wewe uko vitani huku hujui kama nyumbani watu wameshaanza njaa. Conquerors ikaleta kulipia mashamba mapema pale kwenye kinu. Definitive inapanda yenyewe tena. Kitu kidogo ivo ndo kinafanya mtu aweze kuicheza leo bila kutukana. Ladha nyingine zote zimebaki, hata ule msimbo wa siri (cheat) wa gari la Cobra lenye bunduki linatembea katikati ya watu wa mikuki bado upo.

Alafu kwetu sisi ina kitu cha ziada. Ukichukua Wasaraseni wafanyakazi wanakuitikia kwa Kiarabu, kampeni ya Salahuddin imo tangu siku ya kwanza, bibi yangu alipita akasikia akauliza hiyo ni darsa gani mnasikiliza. Na Wareno wamo, wana kampeni ya Francisco de Almeida, yule yule aliyezipiga Kilwa na Mombasa 1505, na mwaka uliofuata Wareno wakaja mpaka hapa Lamu wakatutoza kodi. Kwenye gemu wewe ndo Almeida. Mdogo wangu alikataa katakata kuicheza hiyo, mi nilicheza, na nikiri jengo lao la Feitoria, lile linaloleta mali bila mfanyakazi ni raha japo linakula nafasi ya watu 20. Watu wa Malindi mnaweza kucheza bila kinyongo, nyinyi Vasco da Gama mlimkaribisha wenyewe.

Ya tatu sasa, San Andreas. Tulieni. Mji wetu ni wa punda na vichochoro, kwahiyo wengi wetu gari la kwanza kuendesha maishani lilikua la CJ, yule jamaa unayemchezesha, na ile cheat ya HESOYAM tulijua kuiandika kabla ya kujua kuandika barua. Ilitoka 2004 kwa PS2 na 2005 kwa kompyuta, haifiki GB 5, laptop yoyote inaibeba. Lakini nimeirudia majuzi na mapenzi yalipungua. Kuzunguka bado kuzuri, jioni ile jua linazama ukiwa kwa baiskeli kwenye mji wa Los Santos, hapo sina neno. Misheni ndo tabu, ile ya treni na zile za vindege vya rimoti vya yule Zero, ukishindwa unarudi mwanzo kabisa, uendeshe tena ile safari yote uku mtu anaongea maneno yale yale. Utotoni nilikua na muda. Na ni ya mtu mmoja peke yake, wengine wanakaa kutazama, na ina matusi na mambo ya wakubwa, mi yangu nimeificha mdogo wangu wa miaka tisa asiione.

Ukiitaka, itafute ile ya kale kwenye duka la Rockstar wenyewe. Walivyotoa Trilogy ya Definitive 2021, GTA tatu za zamani zilizopakwa upya, ilitoka na makosa mengi sana, mvua kama nyuzi nyeupe usoni, na za kale walikua wameziondoa dukani, watu wakapiga kelele wakazirudisha. Baadhi ya nyimbo za redio zilitolewa 2014 leseni zilipoisha kwahiyo usishangae ukikosa wimbo wako. Na kwa Windows mpya mausi huweza kukataa kugeuza kamera, tia SilentPatch, kiraka cha mashabiki, ni bure inatibu. Ile frame limiter, ya kuzuia kasi ya picha, usiizime, ukizima kuogelea na magari yanaharibika tabia.

Ya nne nitapita haraka. Command & Conquer Generals na Zero Hour, gemu za vita za 2003, zimo Steam, duka lingine la mtandaoni, tangu 2024 ndani ya mkusanyiko mmoja na gemu nyingine za ukoo huo, na 2025 EA, wenye gemu, wakaachilia code zake wazi kwahiyo mashabiki wanaendelea kuzirekebisha. Laptop mbili na kebo, mnapigana. Tatizo langu lile kundi la GLA, limechorwa Waarabu wa sinema za Marekani, bomu na kelele, ukiwa na mtu mzima nyuma yako unaona haya. Ndo maana iko ya nne na sio ya tatu.

Na kama hujui bado kama gemu za zamani unaziweza, usitoe shilingi kwanza. StarCraft ya 1998 imekua bure tangu 2017, na OpenTTD, ile ya kujenga reli na njia za mabasi iliyotoka kwenye Transport Tycoon ya miaka ya 90, ni bure na ni ndogo mno, unaweza kumtumia mtu kwa simu. Jaribu hizo wiki moja. Ukichoka, pesa yako iko.

Za kuwacha: Need for Speed Most Wanted ya 2005, ile ya magari, na PES za zamani, zile za mpira. Sio kwamba ni mbaya, PES 6 na mashuti ya Adriano nani hakumbuki. Shida ni kwamba haziuzwi tena kwenye maduka ya mtandaoni, leseni za timu na magari na nyimbo zikiisha gemu inaondolewa, kwahiyo anayekuuzia leo anakuuzia ya kuchoma, ama CD ya zamani ya kweli ambayo Windows 10 inaweza kuikataa, manake nyingi za miaka ile zilifungwa na SafeDisc, kufuli la kuzuia CD isinakiliwe, na Windows mpya haiitaki. Na ukiona Most Wanted inauzwa mtandaoni angalia mwaka, iko nyingine ya 2012 jina lile lile, gemu tofauti kabisa, yule mpinzani wako Razor usimtegemee huko.

Kulipa sio kazi siku hizi, M-Pesa ina ile kadi ya GlobalPay ya Visa tangu 2022, inakubali. Bei zinakuja kwa dola, subirini punguzo la Steam la mwisho wa Juni ama la Desemba. Ikikukataa mashine, Steam wanarudisha pesa kama hujapita siku 14 na hujacheza zaidi ya masaa mawili, GOG wanakupa siku 30. Mi ndo maana GOG nawapenda zaidi, alafu wanakuwacha ushushe faili zima la kuingizia, unaliweka kwa flash, siku laptop ikifa na chumvi ya bahari unaiingiza kwa nyingine bila kuuliza mtu.

Mausi nunueni, ya waya, gemu hizi kwa kidole utalia. Na flash ya GB 16 ya kuweka akiba. Yetu inakaa kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuzi za mamangu za kushonea kofia, na huko binamu yangu wa mifupa bado hajajua.