Tahadhari: muuzaji wa piano za mtumba aliyetutia hasara Tanga sasa anatangaza Bagamoyo

Ndugu walimu wa kwaya, wazazi na wote mnaotafuta piano ya mtumba, naandika haya kwa uchungu, kwa sababu fedha zilizopotea hazikuwa zangu. Zilikuwa michango ya wanakwaya wetu hapa Tanga, wengi wao wachuuzi wa samaki na madereva wa bodaboda, waliochanga kidogo kidogo kwa miezi tisa hadi zikatimia shilingi 2,400,000. Muuzaji simtaji jina kwa kuwa shauri tumelifikisha polisi na RB, yaani namba ya taarifa yetu, tunayo. Namna anavyofanya kazi nitaieleza yote, maana wiki iliyopita nimeona tangazo lake jipya la piano mbili, safari hii akisema zipo Bagamoyo, na maneno ni yale yale aliyotuambia sisi: ni ya Kijerumani, ina zaidi ya miaka mia moja, vibonyezo vyake ni vya pembe za ndovu, na inahitaji kutyuniwa tu.

Tuliiona katika stoo moja huko Ngamiani. Ilikuwa imepakwa vanishi mpya, jina la Kijerumani liking'aa kwa rangi ya dhahabu juu ya vibonyezo, na alipoipiga sauti zilikuwa zimelingana vizuri. Alituambia kwamba mteja kutoka Mombasa angefika mchana huo huo na fedha taslimu. Nilipoomba tufungue ubao wa chini, ule ulio mbele ya pedali, alikataa akidai kwamba vanishi haijakauka na tungeiharibu. Hapo ndipo nilipaswa kuwaambia wenzangu tuondoke, kwa sababu ubao ule, katika piano nyingi za kusimama, hushikwa na kibanio cha springi tu na hutoka kwa mkono bila bisibisi. Badala yake tulilipa, tukapewa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na tukapakia kwenye kirikuu.

Jumapili ya kwanza tulijaribu kuipiga pamoja na kinanda chetu cha umeme, ikashindikana kabisa. Piano ilikuwa imelinganishwa yenyewe kwa yenyewe, lakini yote ilikuwa chini kwa karibu toni nzima, kama umbali wa kutoka do hadi re. Kipimo kinachotumika duniani ni mitetemo 440 kwa sekunde kwa noti ya A iliyo juu ya C ya kati, na programu za bure za simu huipima kwa sekunde chache. Mtu anayeipiga piano peke yake, bila chombo kingine cha kulinganishia, hawezi kwa urahisi kugundua kwamba imeshushwa, na muuzaji analijua hilo. Sababu ya kuishusha tulikuja kuielewa baadaye.

Fundi wa kwanza alituletea muuzaji mwenyewe. Alikuja mara nne, kila mara shilingi 150,000, na kila mara piano ilikaa sawa siku tatu au nne kisha ikaanza kulia ovyo. Alilaumu hewa ya bahari, jambo ambalo tuliliamini kwa kuwa lina ukweli ndani yake: unyevu wa pwani hufanya vibonyezo vigande na nyuzi zipate kutu. Mara ya nne ndipo mweka hazina wetu, mama mmoja asiyejua muziki lakini anayejua hesabu, alipokataa kutoa fedha nyingine hadi apatikane fundi asiyefahamiana na muuzaji.

Fundi huyo alitoka Dar es Salaam na hakugusa kibonyezo hata kimoja kwa muda mrefu. Alifungua mfuniko, akatuonyesha pini za chuma zilizozungushiwa nyuzi, zaidi ya 200, akaeleza kwamba zote zimepigiliwa ndani ya ubao mmoja mnene wa mbao ngumu ulio nyuma ya fremu ya chuma, na kwamba hakuna nati wala skrubu inayozishika isipokuwa kubanwa na mbao yenyewe. Nyuzi zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi tani 15. Aliweka spana yake kwenye pini moja ya katikati, akaikaza kidogo, akaiachia. Pini ikarudi yenyewe taratibu mbele ya macho yetu, na sauti ikashuka huku tukiisikia. Alipoing'oa ilitoka na kipande cha msasa kilichozungushiwa ili tundu lionekane limebana. Nyingine zilikuwa zimegongwa kwa nyundo hadi mizunguko ya uzi ikagusa fremu, kwa hiyo hata nafasi ya kuzigonga tena haikuwepo. Ubao ule wa pini ulikuwa umepasuka, na ndiyo maana nyuzi zilikuwa zimelegezwa toni nzima, ili zisiuvute kwa nguvu usiyoweza kuihimili.

Ubao wa chini ulitoka kwa kidole kimoja. Ndani yake njia za mchwa zilikuwa zimekwanguliwa na kupakwa oili chafu. Kwenye fremu ya chuma palikuwa na jina tofauti kabisa na lile la nje, ambalo lilikuwa stika, na mahali pa namba ya kiwanda, ambayo ndiyo husaidia kujua mwaka wa kutengenezwa, palikuwa pamepigwa tupa.

Vibonyezo navyo ni vya plastiki. Pembe halisi kwa kawaida hubandikwa vipande viwili kwenye kila kibonyezo, na ukiangalia kwa karibu utaona mstari mwembamba unaokatiza pale vinapokutana. Vyetu vilikuwa kipande kimoja kimoja. Na hata kama vingekuwa vya pembe, kumiliki nyara za serikali bila kibali ni kosa katika nchi yetu, hivyo anayekuuzia kwa sifa hiyo bila hati yoyote ama anakudanganya ama anakuingiza katika kesi.

Tulimuuliza fundi kama inafaa kufufuliwa. Alijibu kwamba kubadilisha ubao wa pini katika piano ya kusimama ni kutoa nyuzi zote, kunyanyua fremu nzima na kujenga upya sehemu kubwa ya mgongo, kazi ambayo gharama yake ingepita mara kadhaa bei tuliyonunulia. Angekuta pini zinabana, fremu haina ufa na ubao wa sauti, ule mpana unaokuza mlio wa nyuzi, umeshikamana vizuri, angetushauri tuitengeneze, kwa sababu sufu iliyochakaa ya vinyundo vinavyopiga nyuzi, pedali zinazolia, vibonyezo vinavyoganda na hata nyuzi chache zilizokatika ni mambo yanayotengenezeka kwa gharama ya kawaida. Tumeamua kutoitengeneza.

Ukikutana na tangazo la Bagamoyo, usitume fedha ya kushikilia mzigo kwa simu, maana sisi alitudai shilingi 300,000 kabla hata ya kutuonyesha. Nenda na fundi uliyemtafuta mwenyewe, mwenye spana yake, umlipe nauli na ujira wa siku hata kama hamtanunua. Akinyimwa ruhusa ya kujaribu pini angalau kumi za sehemu mbalimbali, au ukikatazwa kufungua ubao wa chini, ondokeni. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Piano yetu bado ipo katika chumba cha mazoezi, mifuniko yake ikiwa wazi, na pini nne pamoja na vipande vyake vya msasa vimo ndani ya bahasha kwa mweka hazina. Mwalimu yeyote anayetaka kuona kwa macho yake kabla ya kwenda kununua anakaribishwa Jumamosi alasiri, wakati wa mazoezi.