Oveni ya mkaa ya Katwe, nimeiokea krispi ya matunda, haya ndo niliyoyaona

Wale mnaouliza kila siku kama oveni ya mkaa inafaa kwa mtu anayeoka nyumbani hapa Kampala, jibu langu ni hili: keki mi sina raha nayo, ila krispi ya matunda, ile ya matunda chini halafu juu chenga za unga na siagi na sukari, hakuna oveni ya umeme ya mezani niliyowahi kutumia inayoifikia hii.

Yangu imetengenezwa Katwe, kule wanakogonga mabati kutwa nzima. Ni boksi la chuma lenye kuta mbili, chini unaingiza sigiri, yaani jiko la mkaa, katikati kuna rafu, juu kabisa kuna trei ya kuwekea makaa. Laki mbili na nusu baada ya kubembelezana mpaka fundi akacheka, na mtu wa boda akaifunga kwa mipira nyuma yake akaipandisha hadi Ntinda, mi nikifuata na nyingine roho mkononi.

Kilichonihamisha kwenye umeme hata si gharama, maana oveni yangu ya zamani ni ya wati 1,500, ukiiwasha saa nzima ni kama yuniti moja na nusu ya Yaka, ule umeme wetu wa kulipia kabla, hiyo unaivumilia. Shida ni umeme kukatika katikati ya kuoka. Mkate ukikatikiwa unaweza kuubembeleza lakini krispi hapana, siagi inayeyuka kabla unga haujashika, inashuka kwenye matunda, ukirudishiwa umeme unakuta juu pamekuwa uji. Mkaa haukatiki bana.

Sasa ule moto wa juu. Fundi aliniambia, "Nyabo (yaani mama), wa juu ndo unaoka, wa chini unasindikiza tu," nikajua ni maneno ya kuuza, kumbe ni kweli tupu. Matunda yana maji mengi, yanataka yachemke mpaka rojo ishike, na chenga zinataka joto kavu linalotoka juu moja kwa moja. Kwa hiyo makaa mengi naweka juu, kama theluthi mbili hivi, chini nabakiza machache. Hakuna kipimo cha joto, na hilo naliandika kama kasoro kubwa, unakisia tu, mi huwa natupa unga kidogo kwenye sahani ya bati naingiza ndani, ukigeuka rangi polepole naweka chakula, ukiungua saa hiyohiyo natoa makaa kadhaa. Mapishi mengi yanasema digrii 180 kwa dakika 40 hivi, humu ndani usiangalie saa, angalia pembeni mwa sinia, juisi ikianza kutoa mapovu mazito yanayopasuka taratibu, si yale mepesi ya haraka ya mwanzo, matunda yameiva. Halafu gonga juu na kijiko, pakilia kakaka toa.

Matunda nachukua soko la Nakasero nikiwa na hela, Kalerwe nikiwa sina. Nanasi la Kayunga au Luwero lililoiva hasa, maembe msimu ukifika yale ya Soroti, ndizi sukari chache na pasheni kwa ajili ya ukali, maana bila ukali inakuwa tamu ya kuchosha. Papai mi siweki, linalainika mno na halina la kusema. Nanasi linalia sana, likate vipande vidogo uliache kwenye chujio na sukari kidogo, ile juisi kunywa, kisha changanya matunda yote na vijiko viwili vya konifulawa. Viungo: mdalasini kijiko cha chai, iliki ya kutwanga mwenyewe, tangawizi mbichi ya kukwaruza, kungumanga kwa mbali, karafuu moja tu iliyosagwa kwa sababu ikizidi utadhani uko kwa daktari wa meno. Ukipata vanila ya Mukono ipasue, kwangua zile mbegu nyeusi kwenye matunda, ganda usitupe, lifukie kwenye kopo la sukari.

Chenga za juu ni kikombe cha unga wa ngano, kikombe cha oti, nusu kikombe cha sukari guru iliyokwanguliwa, chumvi, na siagi gramu 125 ikiwa baridi, unaisugua kwa ncha za vidole mpaka iwe kama mchanga wenye mawe. Oti zikipanda bei naweka karanga za kupondaponda nusu yake na kusema kweli napenda hivyo zaidi. Simsim, yaani ufuta, usiiweke mapema, kwenye moto wa juu inaungua ukiwa unapepesa macho, inyunyize dakika za mwisho.

Sinia tumia la enameli, haya ya maua yanauzwa kila mahali. Bakuli la kioo hapana, joto la makaa halina adabu linaweza kulipasua, na sufuria ya aluminiamu isiyopakwa kitu nayo inapatana vibaya na ukali wa nanasi, unaonja chuma.

Malalamiko mengine. Mara ya kwanza iwashe tupu muda mrefu maana rangi inanuka vibaya sana. Mlango wa yangu haukai vizuri, nasukumia kitambaa kilicholowa, na hapo ndo keki inapoharibikia, upande wa mlango inabaki imelala wakati nyuma imeshapanda. Mkaa mwepesi wa kalitunsi, yaani mkaratusi, unaisha kabla krispi haijaiva, nimehamia briketi, yale makaa ya kushindiliwa, zinachelewa kushika lakini joto lake limetulia. Na tafadhali, hii ni ya nje, barazani au uani, usije ukaiwasha jikoni umefunga madirisha kwa sababu ya mvua, ile gesi ya mkaa inaua na haina harufu.

Krispi naipa nyota nne na nusu, mkate wa kawaida nne, keki mbili. Ukienda kutengenezewa mwambie fundi mapema mambo mawili: bati la mlango liwe nene, na trei ya juu iwe na ukingo mrefu na mikono ya mbao pande zote, kwa sababu yangu ina ukingo wa kidole kimoja na kila nikiinyanyua kuchungulia nasali majivu yasimwagikie kwenye chakula.