Gofu na magwiji wa besiboli Arizona: ulizeni hili kabla ya kulipa

Wengi mmeniuliza kama pesa niliyolipa kwenda kucheza gofu na wachezaji wastaafu wa besiboli huko Arizona ilistahili. Ilistahili, ila si kwa yale waliyoyatangaza. Chakula kilikuwa cha kawaida, na mkoba wa zawadi ulikuwa na kofia pamoja na fulana ambayo nimeshamgawia mtu. Kilichonirudishia pesa yangu ni zile saa nilizokaa kwenye kigari kimoja na mzee aliyekuwa mdakaji wa ligi kuu ya Marekani miaka ya themanini, na soga za usiku baada ya sahani kuondolewa mezani.

Mambo yako hivi. Kila mwaka, kuanzia Februari mpaka mwisho wa Machi, timu 15 kati ya 30 za ligi kuu ya besiboli hupiga kambi eneo la Phoenix, Arizona, kujiandaa na msimu. Zilizobaki huenda Florida. Timu zikija, wastaafu nao hufuata: wengine huitwa kunoa vijana, wengine wanafuata jua tu. Hapo ndipo waandaaji wa matukio wanapowachukua, wakawalipa, wakauza nafasi za kucheza gofu nao kwenye hoteli za mapumziko za mji jirani wa Scottsdale. Waandaaji wetu siwataji jina, kwa kuwa nina dukuduku nao. Bei nayo hubadilika kila mwaka, lakini mlioko huku Marekani pigeni hesabu ya tiketi ya kwenda na kurudi Nairobi wakati wa Krismasi.

Shabiki wa besiboli ni shemeji yangu. Mimi ni mtu wa gofu, niliyejifunzia Mombasa kwenye kile kiwanja cha mashimo tisa kando ya bahari, ambako upepo ukiamua mpira wako haufiki, haufiki. Yeye akaja na majina na takwimu kichwani, mimi nikaja na fimbo zangu.

Sasa dukuduku lenyewe. Tangazo lilisema tutacheza na magwiji. Siku ya kwanza gwiji wetu tulimkuta kwenye shimo moja fupi, la mipigo mitatu, ameketi chini ya mwavuli. Kundi likifika anasimama, anapiga mpira mmoja, anapigwa picha, anapeana mikono, kundi linasukumwa mbele. Tulikuwa naye kwa muda wa kunywa soda, tena soda ndogo. Shemeji akanigeukia: "Shem, hii ni gofu au foleni ya kitambulisho?"

Siku ya pili ndipo tulipopewa mtu wa kucheza naye mashimo yote 18, na hapo safari ikageuka kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, uliza: gwiji atacheza na kundi letu mashimo mangapi? Wakianza kuzungukazunguka, jua utamkuta chini ya mwavuli.

Huyo mzee ndiye niliyemlipia. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji, na mpira uliokwaruzwa na gongo humpata vidoleni. Mkono wake wa kulia ulikuwa unasimulia kazi hiyo: kidole cha shahada kimepinda kikaegemea cha kati, na kidole cha mwisho hakikunjiki tena. Fimbo zake zote ameziongezea unene pale pa kushikia ili ngumi isilazimike kufunga. Magoti yote mawili ni ya bandia. Tukifika kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, mimi nachuchumaa kuutazama mteremko, yeye anabaki wima nyuma yangu, anauliza, "Unaona nini huko chini?" Miaka yote ile ya kazi amechuchumaa, leo kazi hiyo anaiomba kwa mgeni.

Lakini macho yake ni yale yale. Kwenye shimo la tano nilikuwa najipanga kupiga, akasema taratibu kwamba mpira wangu utakwenda kulia. Ukaenda kulia, ukaingia jangwani. Nilipomuuliza alijuaje, akasema hakuwa akitazama fimbo wala mabega, alikuwa akitazama miguu. Mdakaji hufanya hivyo kwa kila mpigaji, maana miguu huonyesha mtu anautarajia mpira upande gani kabla mikono haijasogea. Kwa mashimo yaliyobaki kila nikisimama kupiga alikuwa akinong'ona "miguu", na sikumbuki mwalimu wa gofu aliyenisaidia zaidi ya hapo.

Nilipomwambia ninakotoka, akamtaja Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 2017, akiwa na timu ya Pittsburgh Pirates, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu. Mimi nikamjibu na watoto wa Lugazi, Uganda, waliofika Williamsport, huku Marekani, mwaka 2012 wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Hiyo alikuwa haijui. Akataka kujua wanachezea wapi, gongo wanatoa wapi, nani anawafundisha. Tukachelewa kwenye shimo la kumi mpaka kundi la nyuma likatupigia kelele.

Wanaoogopa kwamba gofu yao ni mbovu wasiogope. Mnacheza kwa mtindo unaoitwa skrambo: wote mnapiga, mnachagua mpira uliotua vizuri, kisha wote mnapiga tena kutoka hapo. Ubovu wako unafichwa na mwenzako. Kiwanja chenyewe ni ukanda wa kijani katikati ya changarawe na miiba. Ukitoka nje ya majani umepoteza mpira, na ukiuona chini ya kile kichaka cha miiba wanachokiita cholla, uache uende zake.

Usiku mabishano yalikuwa matamu. Shemeji aliuliza kwa nini warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira, ndio wanaosifika kwa gofu, na mrushaji mmoja mstaafu akamjibu kwamba mrushaji anayeanza mechi hurusha siku moja kisha hupumzika siku nne, na siku nne hizo ni za nini? Ushahidi ukamwagwa mezani. John Smoltz, aliyeingia Jumba la Heshima la magwiji wa besiboli huko Cooperstown mwaka 2015, alifuzu akacheza mashindano ya wazi ya gofu ya wakongwe ya Marekani mwaka 2018, dhidi ya wanaoishi kwa gofu. Rick Rhoden ametwaa mara nane lile taji la gofu la watu mashuhuri la Lake Tahoe. Mark Mulder alilichukua 2015, 2016 na 2017 mfululizo. Warushaji watupu! Mpigaji mmoja mzee akapinga kwamba wapigaji walikatazwa gofu na makocha waliosema inaharibu mkono wa gongo. Hakuna aliyemwamini.

Na hapa niseme jambo ambalo shemeji hakulipenda. Yule gwiji mwenye jina kubwa kuliko wote aliondoka kabla ya kitindamlo, akiwa na mtu wa kumchunga njia nzima. Hadithi zilikuwa kwa wale ambao hata shemeji, pamoja na takwimu zake zote, ilibidi awatafute kwenye simu. Usilipe zaidi kwa ajili ya jina.

Kuhusu kuomba saini za magwiji kwenye mipira, subirini chakula cha jioni. Katikati ya mchezo inaudhi. Nendeni na kalamu ya wino ya bluu ya kawaida, maana ya marka huenea kwenye ngozi ya mpira. Mkitoa mipira kumi mfukoni mtatazamwa kama wachuuzi.

Gharama zisizotangazwa zipo. Hoteli ilitoza ada yake ya kila siku juu ya bei ya chumba, kukodi fimbo ni pesa nyingine, na bakshishi kwa vijana wanaobeba mikoba na kufuta fimbo haikwepeki, basi nendeni na noti ndogondogo.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ule mwavuli. Mwakani, Mungu akipenda, tutarudi, ila tutalipia ile siku ya mashimo 18 peke yake na hoteli tutajitafutia wenyewe. Viatu viwe vya meno laini. Vya misumari ya chuma mtarudishwa mlangoni.