Karabini ya polisi wa Bavaria: sijui nimepigwa au sijapigwa

Wandugu naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe. Mimi niko Marekani na ugonjwa wangu ni bunduki za jeshi zilizoishia kwa polisi wa Ujerumani baada ya vita ya 1945. Mauser K98, zile bunduki za jeshi la Ujerumani, ninazo mbili, hizo hazina maneno. Maneno ni hii karabini ya M1, yaani bunduki fupi nyepesi ya jeshi la Marekani, niliyochukua kwenye maonyesho ya silaha, mwaka jana hivi au ule wa juzi, ina mhuri wa BAVARIA RURAL POLICE, yaani polisi wa vijijini wa Bavaria.

Kwa asiyejua, Bavaria ni jimbo la Ujerumani, na baada ya vita ilikuwa upande unaoshikiliwa na Wamarekani, Wajerumani walishanyang'anywa silaha, na polisi walipoanza kupewa tena bunduki wakagawiwa hizi hizi karabini za wanajeshi wa Kimarekani. Yangu imetengenezwa na Rock-Ola, wale wale wa masanduku ya muziki ya baa! Sasa karabini zilitengenezwa zaidi ya milioni 6, kwa hiyo ninacholipia pale sio bunduki, ni ule mhuri. Bila mhuri ni chuma kama vyuma vingine.

Nafika nyumbani, naweka kioo cha kukuzia, naona ndani ya herufi chuma kinameta kama kijiko kipya. Nikaishiwa nguvu, maana chuma kinachometa hivyo ni kama mhuri umepigwa juzi tu, wa kughushi. Kesho yake nikarudi kabla maonyesho hayajafungwa, kwa heshima zote, nikamwamkia yule mzee aliyeniuzia, nikamuuliza mhuri kaupata wapi. Hakuuangalia hata. Anakula soseji yake, ananiambia nyie watu mnasoma kidogo kwenye intaneti halafu mnakuja kufundisha wakubwa, kisha akageukia mteja mwingine akaanza kucheka naye. Nyie watu! Nyie watu kina nani? Nimesimama pale na silaha ya pesa nyingi mkononi kama mtoto aliyetumwa chumvi akasahau chenji. Nikaondoka. Mpaka leo nikisikia harufu ya soseji damu inachemka.

Basi nikaapa ni tapeli. Ila nilipotulia nikajiuliza, hivi Wajerumani si walizipokea zikiwa tayari zimeshapakwa rangi kiwandani? Wakipiga mhuri juu ya ile rangi lazima chuma kitoke uchi, sasa rangi iingie kwenye herufi kutokea wapi? Kwa hiyo labda ni wa kweli. Lakini miaka yote hiyo, mafuta, jasho, mvua ya milimani, kichuma bado kinameta? Au kuna mtu kakisugua kwa brashi ya waya ili kisomeke mezani? Hilo nalo linawezekana, na ndilo swali lenyewe nililomfuatia yule mzee, dakika moja tu ingetosha.

Nimeipeleka kulenga shabaha mara tatu. Wandugu, nyepesi, haina teke kabisa, ukizoea K98 unaona kama unachezea toi, ninaipenda mpaka ninajichukia. Juzi nilikuwa naandika hapa MSINUNUE KWA YULE MZEE, nimefuta. Mkienda nendeni na kioo chenu, muangalie hapo hapo mbele yake, na kama anakula msimngoje amalize.

Siiuzi. Ila kwenye daftari langu, pale pa mhuri, nimeandika kwa penseli.