Labo ya Nyawera, pale nilijifunza kusoma kalsiumu: nyota 4 juu ya 5

Naandika hii juu ya wenzangu waganga wa sentri de sante, zaidi wale wapya kama miye. Miye ni infirmie (muuguzi), nimekuwa titulere, ndiye mkubwa wa sentri, ku sentri moja huku Kadutu, Bukavu, toka mwaka jana, mbele ya hapo nilikuwa hospitalini kwenye sale ya wagonjwa, na kule dokta ndiye anasomaka karatasi ya labo, weye unafanya alichoandika. Sasa karatasi inafika kwangu kwanza. Malaria, hemoglobini, glisemi (sukari ya damu), hizo nilizizoea mbio. Kalsiumu ndiyo ilinitoa jasho.

Alikuja mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, vidole vinawaka na kufa ganzi, usiku misuli ya miguu inakaza mpaka analia. Nikamtuma apime kwa labo ingine iliyo karibu na kwake. Karatasi ikarudi na namba mbili: kalsiumu chini kabisa, potasiumu juu kupita kiasi. Basi. Hakuna kuandika ni miligramu ao ni nini, hakuna norme (namba za kawaida) pembeni. Nikashikwa na woga, kwa kweli nilikuwa nishashika ampuli ya glikonati ya kalsiumu mkononi niko natafuta mshipa. Halafu nikamwangalia yule mama. Alikuwa amepanda mlima wa Kadutu kwa miguu na beseni kichwani, na pale amekaa ananielezea bei ya sambaza imepanda namna gani. Mtu wa potasiumu ya juu namna hiyo, ya kusimamisha moyo, anapanda ule mlima?

Nikamfunga mashine ya tansio kwa mkono, nikapandisha kupita tansio yake ya juu, nikahesabu dakika 3 kwa saa. Vidole havikujikunja. Nikamgonga kidogo mbele ya sikio, mdomo haukuruka: hakuna alama ya kalsiumu kuwa chini. Nikarudisha ampuli kwa kabati nikapiga simu ku hii labo ya Nyawera, namba nilipewa na mwenzangu.

Laboranti alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu: "Mama titulere, damu iliwekwa kwa kichupa gani, si kile cha kifuniko cha zambarau?" Nikauliza mama, akasema ndiyo, walimtoa kichupa kimoja tu, cha zambarau, cha kuhesabu damu. Ndiyo hivyo. Kile kichupa kiko na dawa ndani inaitwa EDTA, inakamata kalsiumu ili damu isigande, na ile dawa yenyewe ni chumvi ya potasiumu. Kwa hiyo kalsiumu inaanguka, potasiumu inaruka juu, na vyote viwili ni vya kichupa, si vya mgonjwa! Nilitetemeka nikifikiria ile ampuli.

Akaniambia nimtume mama asubuhi bila kula. Wakamtoa damu mbele yangu, nilimsindikiza kwa pikipiki, kichupa kikavu cha kifuniko chekundu, na garo, ile kamba ya kufunga mkono, wakaifungua mara tu damu ilianza kuja, juu garo ikikaa muda mrefu kalsiumu inapanda ya uongo. Saa sita jibu likatoka: 88. Nikashtuka tena, lakini pembeni waliandika mg/l, na norme 85 mpaka 105, na kwa biki laboranti akaongeza: 8,8 mg/dl, 2,2 mmol/l. Gawa kwa 10, halafu gawa kwa 4, ndiyo njia yote. Kalsiumu ya mama ilikuwa nzuri. Glisemi ndiyo ilikuwa 214 mg/dl na yeye hajala, tukarudia kesho yake ikawa 209. Ni kisukari kilikuwa kinamchoma vidole, na hakuna mtu alikuwa amekitafuta.

Kitu kingine napenda kwao, ukiomba kalsiumu watakuuliza albumini. Karibu asilimia 40 ya kalsiumu ya damu inabebwaka na protini, zaidi albumini, kwa hiyo mtu akikonda ao figo zikimwaga protini, kalsiumu ya karatasi inashuka na ile inayofanya kazi iko sawa. Nilikuwa na papa wa miguu ya kuvimba, kalsiumu 7,6 mg/dl, albumini 2 g/dl. Unatoa 2 kwa 4, unazidisha 0,8, unaongeza juu: 9,2. Papa hakuhitaji kalsiumu hata kidogo, alihitaji dokta wa figo. Laboranti alinionya lakini kwamba hesabu hiyo ni ya kukisia, kwa mgonjwa mahututi haitoshi, pale inatakikana kalsiumu ya ionize, ile isiyoshikwa na protini, na hiyo wao hawana.

Na siku kalsiumu ya mama mwingine ilipanda ya kweli, 13,2 mg/dl, hawakungoja niende kuchukua karatasi. Ijumaa jioni simu inalia, wanataka damu ya pili bila garo, ikatoka 12,9. Mama wa watu alikuwa na kiu, choo kigumu, mgongo unauma, na hakuwa anakunywa dawa za tansio (zingine zinapandisha kalsiumu) wala vitamini D, nilimuuliza hata chai za majani. Kalsiumu ya juu namna hiyo mara nyingi ni tezi za paratiroidi ao ni kansa, si kitu cha kulala nacho ku sentri mpaka Jumatatu. Jioni ile ile alifika hospitalini kwa dokta.

Yanayonikera sasa. PTH, homoni ya zile tezi za paratiroidi, hawapimi, na kalsiumu isiyo ya kawaida bila PTH ni nusu ya jibu. Reaktifu (dawa ya kupimia) ya manyeziumu inakwisha kila mara, na hiyo si jambo dogo, juu manyeziumu ikiwa chini kalsiumu haipandi hata umpe mgonjwa ampuli ngapi. Wino wa mashine yao umefifia, siku moja nilisoma 8 nikidhani ni 3. Kalsiumu na albumini pamoja nililipa dola 8, kwa mama wa sokoni ni nyingi lakini wanakubali alipe mara mbili.

Wanafungua saa moja asubuhi, fika mapema. Nyota ya tano nitawapa siku manyeziumu itapatikana kila juma, na wakiweka benchi ya pili pale kwa ngazi, juu wazee wanasimama.